Upandikizaji wa Ini: Upasuaji na Uteuzi wa Wagonjwa

Upandikizaji wa ini ni upasuaji wa kuliondoa ini lililoharibika na kuweka mahali pake ini zima, au kipande cha ini, la mtu mwingine. Thomas Starzl aliufanya kwa binadamu kwa mara ya kwanza mjini Denver, Marekani, tarehe 1 Machi 1963. Mgonjwa, mtoto mdogo, alivuja damu akafa mezani. Ilipofika 1967 ndipo alipopatikana mgonjwa aliyeishi zaidi ya mwaka, na mwaka uliofuata Roy Calne akaanza kazi hiyo Cambridge, Uingereza. Ugumu wake unaeleweka. Ini limeshikamana na mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na kwa kuwa ndilo linalotengeneza viini vya kugandisha damu, mgonjwa huingia chumba cha upasuaji akiwa tayari ni mwepesi wa kuvuja. Saiklosporini, dawa inayotuliza kinga ya mwili isilikatae ini geni, iliongeza uhai wa wagonjwa kiasi kwamba mwaka 1983 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilitamka kuwa upandikizaji huu ni tiba, si majaribio tena. Tangu hapo swali zito limekuwa la foleni: maini ni machache, wanaongoja ni wengi, nani apewe? Makala hii inashikilia kwamba zamu ni bora igawiwe kwa vipimo vilivyoandikwa kuliko kwa muda wa kungoja au jicho la daktari, hata pale vipimo vyenyewe vinapokosea.

Mwenye figo zilizokufa anaweza kuishi miaka kwa mashine ya kusafisha damu. Mwenye ini lililokufa hana mashine ya kumvusha hivyo. Hadi mwanzoni mwa 2002 Marekani ilipanga foleni kwa siku alizongoja mgonjwa, pamoja na madaraja mapana yaliyotegemea makadirio ya daktari: maji tumboni ni kidogo au mengi, akili imevurugika kiasi gani. Wagonjwa wakawa wanaandikishwa mapema ili wajikusanyie siku. Februari 2002 ikaja MELD, alama kati ya 6 na 40 iliyokokotolewa wakati huo kwa vipimo vitatu vya damu: bilirubini, kreatinini na muda wa damu kuganda. (Asili yake ni kanuni iliyobuniwa Mayo Clinic kwa kazi nyingine, yaani kukadiria uhai wa wagonjwa waliotengenezewa njia mpya ya damu ndani ya ini.) Kadiri alama inavyopanda ndivyo hatari ya kufa ndani ya miezi mitatu inavyokua. Kisha likafichuka jambo ambalo hesabu ya siku isingelionyesha: uchambuzi uliochapishwa 2005 uligundua kwamba wenye alama chini ya 15 walikufa zaidi katika mwaka wa kwanza wakipandikizwa kuliko wakiachwa wangoje.

Wapinzani husema namba ni kipofu, na wana ushahidi. Kreatinini hutokana na misuli. Wanawake, ambao kwa kawaida wana misuli michache, walipata alama ndogo kuliko ugonjwa wao, wakawa wanafia kwenye orodha zaidi kuliko wanaume. Wenye saratani ya ini nao damu yao huweza kuonekana nzuri huku uvimbe ukikua, hivyo waliongezewa alama za ziada, ambazo mwanzoni zilikuwa nyingi mno zikapunguzwa. Lakini tazama namna makosa hayo yalivyojulikana: kanuni ilikuwa wazi, kwa hiyo iliweza kukaguliwa. Mwaka 2023 Marekani ilianza kutumia MELD 3.0, inayowaongezea wanawake alama na kuzingatia albumini. Upendeleo wa daktari mmoja kando ya kitanda hauachi hesabu ya kurekebishwa. Uingereza nayo imeonja kosa la kanuni linaloonekana wazi: mfumo wake wa 2018 unatanguliza anayetarajiwa kufaidika zaidi, ila manufaa hayo yanahesabiwa kwa miaka mitano tu, jambo lililolalamikiwa kuwa linawarudisha nyuma vijana, ambao faida yao iko mbali zaidi ya hapo.

Pingamizi la pili ni kwamba kumpa aliye mahututi zaidi ni kupoteza ini. Hapo ndipo vigezo vya kikomo vinapohitajika. Mwaka 1996 Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Milan walionyesha kuwa asilimia 75 ya wagonjwa wa saratani ya ini wenye uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au vivimbe visivyozidi vitatu, kila kimoja sentimita 3 kwenda chini, waliishi miaka minne baada ya kupandikizwa. Kikomo cha miezi sita bila pombe, anachowekewa mwenye ini lililoharibiwa na pombe kabla ya kupandikizwa, hakina msingi imara kama huo. Ni hesabu ya siku ileile ya zamani, sasa imevaa kanzu ya maadili. Utafiti wa Ufaransa na Ubelgiji wa 2011 uliwapandikiza watu 26 wenye homa kali ya ini ya pombe ambao dawa hazikuwafaa, bila kuwangojesha. Baada ya miezi sita asilimia 77 walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 23 ya waliofanana nao wasiopandikizwa, na watatu tu ndio waliorudia pombe baadaye. Ni kweli walichujwa vikali. Lakini walichujwa kwa hali yao.

Hata pasipo foleni, vigezo vilivyoandikwa vinahitajika. Wagonjwa wa Afrika Mashariki wanaokwenda India hupata ini hasa kwa ndugu aliye hai, ambaye hukatwa kipande, na ini lake likakua tena baada ya wiki chache. Foleni haipo, uteuzi upo: kundi la damu, ukubwa wa kipande, mafuta kwenye ini, na hiari. Upasuaji huo humletea mchangiaji mzima hatari ndogo ya kifo, na shinikizo la ukoo halina kipimo cha maabara. Ndiyo maana sheria ya India ya 1994, kwa marekebisho yake, inataka kamati ya idhini iridhie kwanza pale mchangiaji au mpokeaji anapokuwa raia wa kigeni, hata wakiwa ndugu wa damu.