Zumari harusini: mrija mdogo wenye historia ndefu



Bi harusi mmoja alikuja kwangu Fumba kupima gauni, akaniambia: "Dada, bibi anataka zumari siku yangu, mama hataki kusikia." Nikaona tuizungumze.

Zumari si filimbi. Ni mti uliotobolewa, chini umepanuka kama tarumbeta. Juu yake huingizwa mrija mwembamba wa madini, na kwenye ncha ya mrija hufungwa ulimi wa jani kavu la jamii ya mnazi, tabaka juu ya tabaka. Ulimi ndio unaotetemeka, mrija ndio unaopeleka sauti kwenye mti. Katikati pana kisahani cha kifuu au madini. Mpigaji huingiza ulimi wote mdomoni, midomo ikaegemea kisahani, mashavu yakajaa pumzi huku akivuta nyengine kwa pua. Ndiyo maana zumari halikatiki.

Ulaya wana ndugu yake, basuni. Kwa kuwa ni refu mno, mrija wake wa madini umepindwa ili umfikie mpigaji mdomoni. Letu huelekezwa mbele, basi mrija wake umenyooka.

Jina lenyewe limetoka Kiarabu, mizmar. Neno hilo lina sura mbili katika hadithi. Mtume (s.a.w.) alimsifu Abu Musa al-Ash'ari kwa kisomo chake kizuri cha Qur'ani, akakifananisha na mizmar za watu wa Nabii Daud. Na siku ya Idi, wasichana wawili walipokuwa wakiimba kwa Bi Aisha, Sayyidna Abubakar alikemea akiita mizmar ya shetani, Mtume akamwambia awaache.

Hata hivyo, wanazuoni wengi wameruhusu dufu harusini na kukataza vyombo vya kupuliza. Kwa hivyo mama hakukosea. Na bibi naye hakuleta jambo geni: amekulia pwani hii, na Fumba hii hii ndiko alikozaliwa Siti binti Saad, yapata 1880, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili.

Ushauri wangu: muulize shekhe wako mapema, kabla ya kulipa mtu. Akisema dufu, nenda kwa bibi mwenyewe, kaa mkekani, umwombe akuhadithie zumari la harusi yake. Pengine alichotaka ni kusikilizwa tu.

Allah azitie baraka ndoa zenu. Amin.