Asiyeingia Maktabani: Jinsi Ukutubi Ulivyofikia Shahada ya Uzamivu

Nianze na neno, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yangu. Shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu twaiita uzamivu, nalo neno hili limezaliwa na kitenzi zamia. Mzamiaji hushuka hadi mahali ambapo aliyesimama ufukoni hapaoni. Sasa jiulize: mtu anayetaka kuzamia katika ukutubi, yaani elimu ya maktaba, azamie wapi? Vitabu vimepangwa rafuni, kadi zimo katika droo zake, na mkutubi ameketi mezani pake. Kina kiko wapi?

Swali hili liliulizwa kwa dhati nchini Marekani, tena na wakutubi wenyewe. Mwaka 1876 Melvil Dewey alichapisha mpango wake wa kugawa maarifa yote katika madaraja kumi ya namba, na mwaka 1887 akafungua shule ya kuwafunza wakutubi katika Chuo cha Columbia, New York. Mafunzo yake yalikuwa ya mikono zaidi kuliko ya fikra: kuagiza vitabu, kuviorodhesha, hata kujizoeza mwandiko maalumu wa kadi, ili kadi ya huyu isomeke sawa na ya yule. (Usicheke. Kabla ya taipureta kuenea, mwandiko mbaya ulitosha kukipoteza kitabu.)

Mwaka 1923 ikatoka ripoti ya Charles Williamson, iliyogharimiwa na Shirika la Carnegie. Yeye alisema kwamba shule hizo zilichanganya kazi ya karani na kazi ya mtaalamu, na kwamba mtaalamu anapaswa kuandaliwa katika chuo kikuu. Kwa fedha za Carnegie, mwaka 1926 Chuo Kikuu cha Chicago kikaanzisha Shule Kuu ya Ukutubi, na masomo yakaanza mwaka 1928. Hapo ndipo mtu alipoweza kwa mara ya kwanza kusomea uzamivu katika fani hii.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1931 mkutubi C. Seymour Thompson aliwauliza wenzake waziwazi kama kweli wanaitaka sayansi ya maktaba. Miaka miwili baadaye Pierce Butler, mwalimu wa Chicago na mwanahistoria wa uchapaji, alijibu kwa kitabu kidogo. Hoja yake ilikuwa kwamba wakutubi waliridhika kujua kazi inafanywaje, bila kujali ni kwa nini inafanywa. Haki ya mtu isemwe: uzeeni Butler huyohuyo aliona kwamba wenzake wamezidi kuitukuza sayansi, akawakumbusha kwamba ukutubi una upande wa utu usiopimwa kwa takwimu. Mimi naona wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli, lakini aliyefungua mlango ni yule aliyeuliza kwa nini.

Neno nadharia tumelipata katika Kiarabu, na shina lake lina maana ya kutazama. Tazama basi Chicago walitazama nini. Douglas Waples aliacha rafu, akawageukia wasomaji. Pamoja na Ralph Tyler aliyauliza makundi ya watu wangependa kusoma juu ya mambo gani, na utafiti wao ukatoka mwaka 1931. Uchunguzi wa aina hiyo ulionyesha kwamba anachokipenda mtu na anachokisoma ni mambo mawili: aghalabu mtu husoma kilicho karibu na mkono wake.

Hilo laweza kuonekana dogo, mpaka uulize ni nani anayeamua kitabu kiwe karibu na mkono wa nani. Aliyeliuliza ni Eliza Atkins Gleason. Alikuwa amewahi kuongoza maktaba ya chuo cha Wamarekani Weusi mjini Louisville, katika eneo la Kusini ambako ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria na desturi. Mwaka 1940 alihitimu uzamivu Chicago, akiwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata shahada hiyo katika ukutubi, na mwaka uliofuata tasnifu yake ikachapishwa kuwa kitabu. Hakuandika malalamiko. Alichunguza utawala na uendeshaji wa maktaba za umma za Kusini: nani anazisimamia, na Mweusi anapata huduma gani au anakosa. Daftari la maktaba huandika jina la aliyeazima kitabu. Aliyezuiwa mlangoni haandikwi popote, ilhali ujenzi ule umelipiwa na kodi. Ili kumwona asiyeandikwa, mkutubi alihitaji kutazama kwa jicho lililofunzwa, si bidii ya kupanga kadi tu. Mwaka 1941 Gleason akawa mkuu wa kwanza wa shule ya ukutubi ya Chuo Kikuu cha Atlanta, iliyowaandaa wakutubi Weusi kwa miaka mingi.

Je, mlango ukifunguliwa, kazi imekwisha? Nusu karne baadaye Elfreda Chatman, aliyepata uzamivu wake Berkeley, alionyesha kwamba haijaisha. Aliwafuata watu ambao watafiti wengi waliwapita: wafagizi wa chuo kikuu, wanawake wazee walioishi katika makazi ya wastaafu, wanawake waliofungwa gerezani. Mfagizi huyo hufanya kazi katikati ya maarifa mengi, tena funguo anazo mfukoni. Hata hivyo Chatman aliona kwamba mtu aweza kuzungukwa na taarifa akabaki fukara wa taarifa, kwa kuwa kuuliza ni kujifichua. Ukiuliza juu ya ugonjwa, jirani atajua u mgonjwa. Ukiuliza juu ya deni, utadharauliwa. Kwa hiyo mtu husitiri haja yake, na wakati mwingine hudanganya kwamba mambo ni shwari.

Katika makala yake ya mwaka 1999 kuhusu gereza, alieleza maisha ya ndani ya duara: watu wanaoishi kwa desturi zao hawavuki mpaka kutafuta habari za nje, ila habari hiyo iwe ya lazima sana, wenzao nao waione ina maana kwao, na lile duara liwe limeshindwa kuwatosheleza. Wewe unayejifunza uraia, pima jambo hili kwa bango la ofisi ya serikali lililobandikwa ukutani. Ofisa husema: tangazo lilikuwapo, wananchi hawakusoma. Chatman angemuuliza nani angeaibika kwa kuonekana amesimama mbele yake.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yalianza kwa haraka ya uhuru. Ripoti ya Sydney Hockey ya mwaka 1960 ilishauri juu ya huduma za maktaba katika nchi zetu. Tanganyika ikatunga sheria ya bodi yake ya maktaba mwaka 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Mwaka huohuo wa 1963, Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere, ikianza na ngazi za chini, maana waliohitajika kwanza ni watu wa kuziendesha maktaba zenyewe. Chicago, kwa upande wake, iliifunga shule yake mwishoni mwa miaka ya 1980. Makerere ingalipo, na uzamivu sasa unasomewa hapohapo. Kwa mtahiniwa atakayeketi huko nina swali moja la kumkabidhi, nalo ni la lugha: mkulima anayesema Kiswahili sokoni, na lugha ya mama nyumbani, ataingia katika maktaba iliyojaa Kiingereza aulize nini, na amuulize nani?