Hakuna Nyumba ya Chungu

Sisi tulikiita gemu, basi. Hatukujua kama kina jina lingine. Mama mdogo alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya Waitaliano pale Casuarina, Malindi. Msimu ulipoisha wenyewe walifunga mizigo wakamwachia vile vitu ambavyo havikutosha kwenye masanduku: mafuta ya zeituni nusu chupa, kofia mbili za jua, viatu vya mtoto, na kimashine cha kukunja chenye skrini mbili na kalamu ndogo ya plastiki. Kilikuwa Nintendo DS. Mimi nilikuwa darasa la sita, na kwa wiki nzima nilikuwa mtu mkubwa mtaani.

Ndani yake kulikuwa na mchezo mmoja tu, na haukuwa wa mpira wala wa kupigana. Ulikuwa wa upelelezi. Unaonyeshwa chumba kilichojaa vitu hadi darini, na pembeni kuna orodha. Kazi yako ni kukodoa macho. Ukikiona kitu kilicho kwenye orodha unakigusa kwa kalamu, kinang'aa, halafu kinatoweka na jina lake linafutwa. Orodha ikiisha, kesi inasonga mbele na unafunguliwa chumba kingine.

Tatizo ni kwamba orodha ilikuwa kwa Kiitaliano. Wenzangu wa ufukweni walijifunza Kiitaliano kwa kuuza safari za mashua. Mimi nilijifunza kwa kutafuta *chiave*, *candela*, *forbici*. Ufunguo, mshumaa, mkasi. Neno nisilolijua nililigundua kwa kugusa kila kitu mpaka kimoja kitoweke.

Michezo ya aina hii ina historia fupi. Kwanza kulikuwa na vitabu vya picha vya watoto, kama vile vya Martin Handford, vilivyoanza kutoka 1987, ambapo unamtafuta Wally na fulana yake ya mistari katikati ya umati. Mwaka 2005 kampuni ya Big Fish Games ya Seattle ikatoa mchezo wa kompyuta, Mystery Case Files: Huntsville, na mwaka 2008 mfululizo huo ukaingia kwenye DS. Mapishi ni yale yale hadi leo: chumba, orodha, macho yako.

Nilikuwa nimeucheza karibu mwaka mzima shule ilipotupeleka Gedi.

Kama hujafika, Gedi ni magofu ya mji wa mawe ndani ya msitu, kama kilomita 16 kusini mwa Malindi, karibu na Watamu. Kuna msikiti mkuu, ikulu, visima, vyoo, kuta mbili zilizozunguka mji, na kaburi lililoandikwa mwaka wa Kiislamu ambao ni sawa na 1399. Watu waliuhama mji huo katika karne ya 17 na miti ikaingia. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Siku ile sisi tulikuja na mikate na soda, tukijua tu kwamba kuna nyani wanaoiba mikate.

Kiongozi wetu alikuwa akitaja majina ya nyumba tukipita. Nyumba ya Taa ya Chuma. Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Nyumba ya Ushanga wa Venice. Nyumba ya Kauri. Halafu akasimama mbele ya ukuta wenye ukungu akasema, "Hii ni Nyumba ya Mkasi."

"Forbici!" nikapiga kelele. Darasa zima likacheka, mwalimu akanikodolea.

Lakini mimi nilikuwa nimeielewa Gedi kwa namna yangu. Ilikuwa gemu. Mtu alikuja hapa, akaingia chumba hadi chumba, akapata vitu, na kila chumba kikaitwa kwa kitu kilichopatikana ndani yake.

Mtu huyo alikuwa James Kirkman, Mwingereza. Serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuitunza Gedi mwaka 1948, na kwa miaka kumi hivi aliondoa miti, akachimba, akapima, akachora. Mwenye nyumba hakujulikana jina, kwa hivyo nyumba ikabeba jina la alichoacha. Vitu vyenyewe havipo vyumbani tena. Vingine viko kwenye makumbusho ndogo pale pale Gedi, vingine vilipelekwa Fort Jesus, Mombasa, ambako Kirkman alihamia baadaye na ambako makumbusho ilifunguliwa 1960. Vilionekana, viking'aa, vikatoweka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni (chuo ambacho sikukimaliza, hadithi ya karo unaijua, sitakuchosha nayo), nilikikuta kitabu cha Kirkman maktabani. Alikichapisha 1954 kuhusu uchimbaji wa msikiti mkuu. Jina lake, kwa Kiswahili, ni Mji wa Kiarabu wa Gedi. Nilikaa na hilo jalada muda mrefu. Yaani, mpelelezi amekagua vyumba vyote, ametimiza orodha, na jina la mwenye nyumba amekosea.

Hakuwa peke yake. Ndivyo wasomi wengi wa enzi yake walivyoamini: ukiona jengo la mawe na msikiti katika pwani ya Afrika, mjenzi lazima awe ametoka ng'ambo. Lakini hebu ona ushahidi wenyewe. Katika magofu ya miji ya Waswahili, sahani za China na vioo vya mbali ni sehemu ndogo tu ya kinachotoka ardhini. Kilicho kingi, ndoo kwa ndoo, ni vigae vya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa, vyungu vya wali na mchuzi wa watu wa hapa. Haki yake tumpe: Kirkman alivikusanya na kuvieleza pia. Ila hakuna nyumba aliyoipa jina la chungu. Pita Gedi yote ukitafuta. Kuna bakuli la China, kuna sarafu ya China, kuna ushanga wa Venice. Hakuna Nyumba ya Chungu.

Ilibidi orodha ibadilike ndipo jibu libadilike. Katika miaka ya 1980, uchimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, ulionyesha mji uliokua pale pale, tabaka juu ya tabaka, kutoka nyumba za miti na udongo hadi nyumba za mawe. Mwaka 1999 Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, akachapisha kitabu kizima juu ya kuinuka na kuanguka kwa dola za Waswahili, akianza na watu wa pwani na bara yao. Wageni walikuja, wakaoa, wakafanya biashara, hilo hakuna anayekataa. Lakini mji ulikuwa wa wenyewe. Wenye vyungu.

Sasa hapo ningeweza kufunga gemu niseme kesi imekwisha. Lakini kuna chumba kingine, na hiki kinanihusu zaidi.

Hawe, nyanya yangu mzaa mama, ana shamba Ganda, nje kidogo ya Malindi. Kuna mwembe mkubwa nyuma ya nyumba, na chini yake kuna mahali ambapo watoto hatukuruhusiwa kucheza. Nilipokuwa na ile DS nilipapenda kwa sababu ya kivuli, jua lilikuwa haliigongi skrini. Hawe alinifukuza mara mbili. Palikuwa na vijiti vitatu vifupi vilivyosimikwa, na kando yake shimo kavu lililojaa majani. Kwa macho yangu ya mpelelezi hapakuwa na kitu.

Vile vijiti vilikuwa koma, kumbukumbu za wafu wa ukoo. Shimo lilikuwa la kigango.

Kwa Wagiriama, kigango hakichongwi kwa kila mtu. Ni cha mzee aliyekuwa katika Gohu, chama cha wenye heshima na mali, na kukisimika ni gharama na karamu. Ni ubao wa mti mgumu usioliwa na mchwa, wenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili chembamba kilichochongwa pembetatu ndogo ndogo. Mara nyingi marehemu mwenyewe ndiye anayekidai: anamjia mtu wake ndotoni, au ugonjwa unaingia nyumbani mpaka waulizie. Kikishasimikwa, hakitolewi. Familia ikihama, chenyewe kinabaki. Hapo ndipo unapomwagia mnazi na kuzungumza na mzee wako.

Miaka ya 1970 na 1980 watalii walijaa pwani, maduka ya vinyago yakaongezeka, na wanunuzi wa ng'ambo wakagundua kwamba vigango vinapendeza ukutani. Kukawa na orodha mpya, na juu yake neno moja tu. Waliokwenda kuving'oa usiku mara nyingi walikuwa vijana wasio na kazi, wengine wa vijiji vile vile. Nikisoma hayo sijifanyi malaika. Nina miaka zaidi ya ishirini, sina digrii, naandika makala kwa malipo ya kubahatisha. Ninamjua yule kijana. Mtu anakuja na pesa taslimu anakwambia, kuna ubao tu pale msituni, hauna mwenyewe.

Na ndipo inapoingia kesi ya kweli ya upelelezi, bora kuliko yoyote niliyoicheza.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Mmarekani, Monica Udvardy, alikuwa akifanya utafiti kati ya Wagiriama. Katika kijiji cha Kakwakwani, upande wa Kaloleni, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake marehemu. Muda si mrefu baadaye vigango hivyo vikaibwa. Mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Kalume alifariki 1987 bila kuviona tena.

Mwaka 1999, huko Philadelphia, kwenye mkutano wa wasomi wa masuala ya Afrika, mtafiti mwenzake, Linda Giles, alikuwa akionyesha slaidi za vigango vilivyohifadhiwa na chuo kikuu kimoja cha Illinois. Udvardy akiwa ameketi pale akakiona kimoja anachokijua. Alikuwa na picha yake. Wakaendelea kusaka, na cha pili kikapatikana kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Katika msako huo, wakiwa pamoja na John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waligundua mamia ya vigango vingine kwenye makumbusho ya Marekani. Kufikia 2007 vile viwili vilikuwa vimerudishwa kwa ukoo wa Mwakiru.

Angalia kilichofungua kesi. Haikuwa alama ya kidole wala kioo cha kukuza. Ilikuwa picha ya vitu vikiwa mahali pake, pamoja na mwenyewe.

Kwa sababu vile vingine mamia vilifika Marekani bila jina la marehemu na bila jina la kijiji. Makumbusho ya Denver iliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30, na vikafika Kenya 2019. Ni jambo zuri, na ni jambo gumu: ukitua nao Nairobi wazee 30 wasio na majina, unawapeleka boma la nani? Vimerudi nchini, havijarudi nyumbani. Ndiyo ile hali ya Nyumba ya Mkasi, ila imepinduliwa. Gedi tuna nyumba na kitu, hatumjui mwenyewe. Huku wenyewe wapo hai, wako Kaloleni, wako Ganze, wako Ganda, na kitu kipo ghalani, na uzi wa katikati umekatwa. Aliyeuita ule ubao "usio na mwenyewe" alidanganya, halafu uongo wake ukawa kweli.

Baada ya kusoma haya yote nilirudi Ganda. Hawe amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini kumbukumbu iko. Nikamkuta anapepeta mahindi.

"Hawe, pale chini ya mwembe palikuwa na nini?"

"Pale hapakuwa na nini," akasema. "Pale palikuwa na mtu."

Akanitajia jina lake. Ni la babu wa mumewe, na sitaliandika hapa, ni la nyumbani. Akaniambia kichwa kilikuwa kimepasuka kidogo upande wa kushoto. Akaniambia kilitazama wapi, na kwamba msimu walipokiiba mahindi hayakuzaa, na kwamba mumewe alikwenda pale na mnazi kwa miaka mingi baadaye, akaumwaga ndani ya shimo. Hakuna picha. Hakuna aliyekuja na kamera.

Nilikuwa naandika kwenye simu. Jina, mti, ufa, upande. Akasikia vidole vyangu vikigonga kioo.

"Unaandika nini?"

"Orodha, hawe."

"Ya vitu gani?"

Nikamwambia ni ya kumtafuta babu. Akanyamaza, akapepeta ungo mara mbili, makapi yakaruka.

"Basi ongeza na nyungu," akasema. "Walichukua na nyungu yake ya mnazi. Ile mimi ndiye niliyeifinyanga."