Siku ya Tatu Mpe Jembe

Kijana mmoja alikuja kwenye karakana yetu Jumamosi tatu mfululizo. Ya kwanza alisimama mlangoni, akasema "habari za kazi," tukaitikia "nzuri," basi. Ya pili aliingia, akakaa juu ya ndoo ya rangi, akatutazama saa mbili nzima tunavyobishana kuhusu mguu wa kiti. Ya tatu alikuja na msasa wake mwenyewe kwenye mfuko wa karatasi. Hakuna aliyemwuliza jina. Ya nne hakuja, na mpaka leo hatujui alitaka kutengeneza nini.

Ndugu msomaji, usidhani sisi ni watu wabaya. Karakana yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mama wa mshikaji wetu. Ndani kuna jiliwa moja, randa mbili, misumeno, cherehani ya kukanyaga, mashine ya kuchomelea inayofanya kazi siku ikipenda, na sanduku la spana ambalo kila mtu aliongezea ya kwake. Hakuna bosi wala mshahara. Tuko wanne wenye funguo, tunafungua kwa kujitolea, na kila anayetumia vifaa anatoa elfu mbili kwa mwezi, akiwa nayo. Kazi ni nyingi, na mtu aliyeshika randa hana mdomo wa kukaribisha wageni.

Halafu drili ikapotea. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Nusu wakasema mlango ufungwe: asiingie mtu asiyeletwa na ndugu yake au mtu wa mtaani anayefahamika. Nusu wakasema karakana ya watu wote ikifungwa basi imekuwa sebule ya watu wanne. Mimi, kwa kuwa ndiye ninayejifanya mwandishi, nikaambiwa niandike utaratibu wa kupokea wageni. Nilikaa na daftari wiki nzima bila kuandika mstari. Mwisho nikaona bora nitazame kwanza waliotutangulia walifanyaje, maana swali hili si letu peke yetu. Hebu tuanze na la hapa hapa mjini.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini kabisa, akasoma miaka michache tu, akaingia Dar es Salaam kabla ya uhuru kama wanavyoingia wengi: kutafuta kazi yoyote. Alifanya kazi za nyumbani kwa watu, na baadaye alikuwa mtumishi Muhimbili. Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na chuo cha sanaa nyuma yake. Alichukua bodi ya dari, ile tunayoiita hadibodi, na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, akachora simba, ndege, chui, tembo. Bodi nzima ina futi nne kwa nane. Ukiikata vipande vya futi mbili kwa mbili unapata vinane bila kupoteza hata kipande. Ndiyo maana picha nyingi za mwanzo ni za mraba. Wataalamu wakija watakuambia habari za mtindo na falsafa. Mimi naona kwanza hesabu ya mtu asiye na hela ya kuchezea.

Picha ziliuzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores, kwa Wazungu waliokuwa wakija kununua mboga na vitu vya nyumbani. Mkewe, Agatha Mataka, ndiye aliyekuwa akiuza. Mauzo yakakubali, na yalipokubali wakaja watu. Nani hao? Simon Mpata, ndugu yake. Ajaba Abdallah Mtalia. Adeusi Mandu. January Linda. Kasper Tedo. Ukitazama orodha hiyo unaona jamaa na watu wa nyumbani, watu wa kusini waliokuwa na sababu ya kumwita kaka au mjomba. Unaona pia kwamba wote ni wanaume. Mama aliyeuza picha hamumo katika orodha ya wanafunzi.

Namna ya kumpokea mgeni ilikuwa hii: huambiwi kitu, unapewa kazi. Unapaka rangi ya chini kwenye bodi, ile ya mandhari nzima, unangoja ikauke. Unajaza madoa ya chui aliyechorwa na mwenzako. Unanakili mnyama wa mwalimu mpaka mkono uzoee, halafu siku moja unachora wa kwako na kuweka sahihi yako chini. Hakuna ada wala cheti. Lakini pia hakuna mlango wa mbele. Ukitokea Kigoma na humjui mtu pale, ungegonga wapi?

Niliposoma habari hizi mara ya kwanza nilikasirika kidogo. Niliona ni ule ule undugu unaotumaliza maofisini. Sasa nimepunguza hasira. Fikiria mambo yalivyokuwa. Rangi ni hela, bodi ni hela, na hakuna benki ambayo ingemkopesha mchoraji wa barazani. Ukimwachia mtu kopo la rangi na picha sita za kuuza, akiyeyuka utamtafuta wapi? Ndugu huyeyuka, lakini unajua kwao. Undugu ndio uliokuwa rejista yao, na polisi wao, na bima yao.

Mwaka 1972 Tingatinga akapigwa risasi na polisi usiku, ndani ya gari lililodhaniwa kuwa la wezi. Alikuwa amechora miaka minne tu. Hapa ndipo jambo linalonigusa zaidi lilipotokea. Kwa hesabu za kawaida kazi ile ingezikwa naye. Haikuzikwa, kwa sababu mikono ilikuwa imeshafundishwa. Wale wanafunzi wakaendelea, wakaita wadogo zao na binamu zao kutoka Tunduru, nao wakafundishwa vile vile, kwa kopo na brashi. Mpata yeye alikwenda Nairobi, akafanya kazi huko mpaka alipofariki mwaka 1984. Kuna hoteli ya watalii huko Masai Mara yenye jina lake, sijui angesema nini akiiona. Waliobaki Dar wakajiunga katika kikundi walichokiita ushirika wa Tingatinga, na mwaka 1990 kikawa chama cha ushirika wa sanaa chenye jina hilo hilo.

Kwa nini waliona haja ya kikundi? Biashara, ndiyo. Picha za kughushi zenye sahihi ya marehemu zilikuwa zinatembea mjini, na kila mwenye brashi alijiita Tingatinga. Lakini nadhani kuna na hili: mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya nguvukazi, na vijana wasio na kazi ya kueleweka wakawa wanakamatwa mjini na kurudishwa mashambani. Mchoraji wa barazani ana kazi gani ya kueleweka mbele ya mgambo? Kuwa mwanachama wa kitu chenye jina si jambo dogo katika mji wa namna hiyo. Na chama kikishakuwa cha ushirika kina katiba, kina mwenyekiti, kina daftari la wanachama. Hapo angalau kwenye karatasi mlango wa mbele unaonekana. Mtu wa Kigoma sasa ana mahali pa kugonga.

Usifikiri hata hivyo kwamba mgeni asiye ndugu hakupokelewa popote. Kamba mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge, alifika Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaona wachongaji wa huku, akajifunza kwao, akarudi nyumbani na ujuzi. Kutokana na mtu huyo uchongaji ukaenea Ukambani, na mwaka 1963 Wakamba wakawa na ushirika wao wa uchongaji Changamwe, Mombasa, wenye wanachama wengi sana. Yote hayo yalianzia kwa watu waliomwachia askari wa kigeni akae karibu na tezo.

Sasa tuvuke bahari, maana upande wa pili wa ubishi wetu nao una historia yake. Agosti 2007 Wamarekani kadhaa walikwenda Ujerumani kwenye kambi ya wapenzi wa kompyuta iliyoandaliwa na Chaos Computer Club. Huko waliona karakana za pamoja ambazo Wajerumani walikuwa nazo tayari, kama c-base ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1995. Waliporudi, baadhi yao, wakiwamo Mitch Altman na Jacob Appelbaum, wakaanzisha Noisebridge huko San Francisco. Humo kuna vyuma vya kuchomelea nyaya, cherehani, mbao, kompyuta, jiko. Inaendeshwa kwa kujitolea, hakuna meneja. Na sheria yao kubwa ni moja tu: mtendeane wema, tena wema wa kiwango cha juu.

Cha kushangaza ni mlango. Mtu yeyote alibonyeza kengele na kuingia. Hukuhitaji kuwa mwanachama ili kutumia vifaa. Desturi ikawa kwamba aliyekufungulia ndiye anayekutembeza: hapa mbao, hapa umeme, hapa choo, ukimaliza kufanya kazi fagia. Lakini ukitaka uanachama wenyewe, hapo ngoja. Unatafuta wanachama wa kukudhamini, jina lako linawekwa kwenye faili kwa muda wa mwezi hivi, linasomwa kwenye mkutano wa Jumanne, na wanachama wote lazima waafiki. Mmoja akikataa, umekwama. Ada ilikuwa dola 80 kwa mwezi, na 40 kwa wenye njaa.

Yaani kuingia ni rahisi kabisa, kuwa mwenyeji ni kugumu kweli kweli. Mimi nilipoelewa hilo nilipiga meza. Sisi tumekuwa tukibishana juu ya mlango mmoja, kumbe iko miwili.

Nao pia hawakuwa malaika, bwana. Mlango ule wazi ulileta watu wa kulala, vitu vikapotea, baadhi ya wanawake wakaona mahali pale si salama kwao. Kukubaliana wote kulikuwa kuzuri mpaka siku ya kumwambia mtu asirudi tena; hapo mikutano ikawa ya kutoa roho. Ikafika mahali, mwaka 2014, saa za usiku zikabaki kwa wanachama na wale wenye wadhamini. Watu walinung'unika kwamba ndoto imekufa. Haikufa. Karakana ipo, imehama nyumba, na mgeni wa mchana bado anafunguliwa.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, akikemea unyonyaji na uvivu, na tangu hapo wengi tunaisikia kama onyo kwa mgeni: usijibweteke. Mimi naisikia vingine siku hizi. Jembe ni ruhusa. Mtu aliyepewa jembe hawezi tena kuitwa mgeni, ana mstari wake shambani, na akikosea palizi ana haki ya kusemwa kama wenzake. Wale wa Morogoro Stores walimpa mtu brashi siku ya kwanza. Sisi yule kijana alikuja siku ya tatu na jembe lake mwenyewe mkononi, na bado hatukumwonyesha shamba.

Basi nimeandika. Ni ukurasa mmoja tu wa daftari. Aliyemfungulia mgeni mlango ndiye mwenyeji wake siku hiyo: amwulize jina, amtaje kwa wengine, amwonyeshe vifaa na vile visivyoguswa bila mtu mzoefu, hasa mashine ya kuchomelea, maana miwani ya giza iko moja. Kabla hajaondoka apewe kazi ndogo iishe siku hiyo hiyo, hata kama ni kunoa patasi. Elfu mbili asiulizwe mpaka mwezi wa pili. Ufunguo ni jambo lingine: miezi mitatu, na wadhamini wawili, lakini wadhamini hao watoke humu humu karakanani, miongoni mwa watu waliofanya naye kazi. Asiulizwe baba yake ni nani.

Niliwasomea Jumamosi iliyopita. Walisikiliza. Dada mmoja anayekuja kushona akasema iongezwe kwamba msichana akija asielekezwe kwenye cherehani moja kwa moja, aulizwe anataka nini. Nikaongeza. Kuhusu miezi mitatu wamekataa, wengine wanataka sita, tutabishana tena. Halafu mwenzetu mmoja, yule wa kufunga mlango, akauliza, "Na drili je?"

Nikamkumbusha kwamba siku drili ilipopotea hapakuwa na mgeni hata mmoja. Tulikuwa sisi wanne na funguo zetu.