Mafuta yanayoganda na lehemu katika chakula

Mafuta yanayoganda, kama samli na shahamu ya ng'ombe, hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu, kwa kuwa huyapunguzia maini uwezo wa kuiondoa. Ikizidi kwa miaka mingi, hujijenga kwenye kuta za mishipa ya moyo. Lehemu iliyomo katika chakula chenyewe, mathalani kiini cha yai, huwa na athari ndogo zaidi kwa watu wengi, maana sehemu kubwa ya lehemu ya mwili hutengenezwa na mwili wenyewe.

Huko Muhuru Bay, kaunti ya Migori, omena, dagaa wa ziwani, huanikwa juani na kuliwa mzima, kichwa na vyote. Ana lehemu, ndiyo, lakini pia ana mafuta ya omega-3 yanayoufaa moyo. La kuulizia hasa ni karai la kukaangia: mafuta ya mawese, ambayo karibu nusu yake ni ya kuganda, humwongezea samaki mafuta ambayo ziwa halikumpa. Akichemshwa na nyanya, hesabu ni nyingine.

Wanaopuuza tahadhari hizi hupenda kuwataja Wasamburu, wafugaji wa Kenya, ambao mtafiti A. G. Shaper aliwapima miaka ya 1960 na kukuta lehemu ya chini licha ya maziwa tele. Mwendo wao wa kutwa nyuma ya mifugo hautajwi sana. Shirika la Afya Duniani hushauri mafuta yanayoganda yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku.