Ziwa na Unyumba: Historia Iliyomo Katika Neno Moja

Miongoni mwa maneno ambayo sisi walimu huyapita haraka darasani ni kitenzi kubemenda. Maana yake ni kumdhoofisha mtoto kwa kuvunja miiko ya malezi, hasa wazazi kurudia unyumba kabla hajaachishwa ziwa. Neno hili lina historia ambayo yafaa tuichunguze.

Katika sehemu nyingi za Tanzania, mtoto alipokonda, akaharisha au akachelewa kutembea, watu waliwanong'ona wazazi wake, na lawama iliyo nzito ilimwangukia mama. Iliaminika kwamba mbegu za mume huharibu maziwa. Fikira hiyo haikuwa ya Waafrika peke yao. Soranus wa Ephesus, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, naye alimkataza mnyonyeshaji kulala na mwanamume. Kwa upande mwingine, hadithi iliyomo katika Sahih Muslim yaeleza kuwa Mtume alikusudia kukataza jambo hilo, kisha akaliacha alipoona kuwa Warumi na Waajemi hulitenda na watoto wao hawadhuriki.

Sasa tuelekee Muganza, katika bonde la Bugarama, wilaya ya Rusizi, eneo lililokuwa la mkoa wa Cyangugu hadi 2006. Huku, karibu na mipaka ya Burundi na Kongo, Kiswahili hukutana na Kinyarwanda, na mila hukutana vilevile. Kwa desturi ya Wanyarwanda, mtoto hupewa jina siku ya nane, watoto wa jirani wakala ubunnyano, na wazazi hawakutakiwa kungoja miaka ndipo warudiane. Je, watoto wao walibemendwa?

Jibu lilitokea Rwanda kwenyewe. Mwaka 1969 Bonte na van Balen walitangaza uchunguzi wao: nusu ya akina mama wasionyonyesha walishika mimba katika muda uliozidi kidogo miezi 4 baada ya kujifungua, kwa wanyonyeshao, muda huo ulizidi miezi 18. Kunyonya kwa mtoto huamsha homoni ya prolaktini na kuchelewesha yai kupevuka. Ziwa lenyewe, basi, lilikuwa mlinzi.

Hata hivyo, tusiwadharau wahenga. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa wa watoto aliouona Gold Coast, ambayo leo ni Ghana; mwaka 1935 akautaja kwa jina la Kiga, kwashiorkor, yaani maradhi ya mtoto anayeondolewa ziwani mdogo wake ajapo. Kwetu twaita kwashakoo. Wahenga waliyaona maradhi na wakati wake. Walichokosea ni chanzo. Kinachomdhuru mtoto ni kuachishwa ziwa mapema na kukosa chakula bora, wala si mapenzi ya wazazi wake.

Wataalamu waliokutana Bellagio mwaka 1988 waliafikiana hivi: mama anyonyeshaye bila kumpa mtoto chakula kingine, ambaye hedhi haijarudi, na mtoto hajatimiza miezi 6, uwezekano wake wa kushika mimba haufiki 2 katika 100. Sharti moja likikosekana, uzazi wa majira wahitajika.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tulifundishe neno kubemenda pamoja na historia yake. Mama ambaye mtoto wake amekonda ahitaji zahanati na chakula, si lawama; na mume na mke wasitenganishwe na hofu ambayo elimu imekwisha iondoa.