Tarehe ya nani, pale Ujiji?

Wasomaji wangu, yeyote aliyekariri historia shuleni atakwambia Stanley alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Sawa, lakini hiyo ni tarehe ya Stanley. Shajara ya Livingstone inauweka mkutano uleule mwishoni mwa Oktoba! Wamepeana mikono, kila mmoja na kalenda yake. Mzee alikuwa amepoteza hesabu ya siku safarini. Stanley naye homa iliwahi kumvurugia siku akiwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora.

Wanaounda mifumo ya kompyuta nyingi zinazofanya kazi pamoja wanalijua tatizo hili. Kila mashine ina saa yake, na saa hazikubaliani kabisa. Mwaka 1978 Mmarekani Leslie Lamport alipendekeza tuanze kwingine: nani alituma ujumbe, nani akaupokea? Kutuma hutangulia kupokea, saa ziseme zitakavyo. Na matukio mawili yasiyounganishwa na ujumbe wowote? Hayo hayana la kwanza wala la pili.

Sasa twende kwenye njia ya misafara. Mwaka 1871, pale Kwihara, Stanley alikuta kifurushi cha barua za Livingstone chenye tarehe 1 Novemba 1870, kimelala tu. Akaondoka nacho. Kwa hiyo barua zilitoka Zanzibar, zikakwama Kwihara, zikafika Ujiji, zikasomwa. Mpangilio huo hauhitaji kalenda ya Mzungu yeyote. Umo katika mabega ya wapagazi.

Hapa kati ndipo patamu. Agosti 1871 vita vya Mirambo viliziba njia ya kawaida ya kwenda Ujiji. Habari zikikwama namna hiyo, ukiuliza lipi lilitangulia, la Tabora au la Ujiji, unauliza jambo ambalo hata waliokuwepo wasingeweza kukujibu.

Mei 1873 Livingstone akafia kijijini kwa Chitambo. Jacob Wainwright, mmoja wa waliombeba, alichonga kwenye mti: 4 Mei. Jiwe la kaburi Westminster Abbey linasema 1 Mei. Kwa nini saa ya London ndiyo iwe saa kuu, mimi sioni. Lakini Oktoba ile Chuma alitangulia Tabora na barua iliyoandikwa na Wainwright, ikamfikia Luteni Cameron. Mwili ukaja nyuma yake.